HESABU SIKU KABLA YA KUHESABU VIDONGE



Majira yanapobadilika, mafua huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mtoto wa kwanza anayaleta kutoka shuleni, siku ya tatu dada yake anayo, na kabla ya wiki kwisha baba na mama nao wamebanwa pua. Wengi hupona wenyewe bila hata kukumbuka wamepona lini. Lakini wapo ambao uso huanza kuwauma, paji huwa zito, na pua hutoa makamasi mazito. Hapo ndipo mmoja wa wakubwa husema, "Hiyo ni sinasi, mtume mtoto dukani alete kapsuli."

Mwezi huu tunapenda tujifunze pamoja juu ya ugonjwa huo na dawa zake. Tumechagua somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wanaonunua antibiotiki kwa ajili ya sinasi hawazihitaji. Pili, wale wachache wanaozihitaji kweli mara nyingine hupewa nusu ya dozi, au huchelewa nyumbani mpaka jicho linavimba. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: hatujui kutofautisha mafua ya kawaida na maambukizo ya bakteria. Hata hivyo, kifaa cha kutusaidia kutofautisha kimo katika nyumba nyingi. Ni kalenda iliyotundikwa ukutani.

SINASI NI NINI?

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vidogo vyenye hewa. Viko jozi nne: ndani ya mifupa ya mashavu, juu ya nyusi katika paji la uso, katikati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Vyumba hivi ndivyo madaktari wanavyoviita sinasi. Kila chumba kina kijitundu chembamba kinachofungukia ndani ya pua.

Kuta za vyumba hivi hutoa ute siku zote. Vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, huusukuma ute huo kuelekea puani, nasi huumeza bila kujua. Ni kama mfereji unaosafisha nyumba. Tukipata mafua, ngozi laini ya ndani ya pua huvimba na kile kijitundu huziba. Ute hukosa pa kutokea, hukaa, hujaa, na uso huanza kuuma. Huo ndio ugonjwa wa sinasi.

Watoto wachanga huzaliwa na sinasi za mashavu na za katikati ya macho zikiwa ndogo mno. Zile za paji la uso hukua baadaye, mtoto anapofikia umri wa kwenda shule. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili hatalalamika kuumwa paji kama mtu mzima. Kwake tutaona zaidi makamasi yasiyokwisha, kikohozi cha mchana na usiku, na kukosa raha.

VIRUSI AU BAKTERIA?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mara nyingi sana sinasi zilizoziba husababishwa na virusi, vilevile vinavyoleta mafua. Antibiotiki haziui virusi. Hata umeze dawa ya bei kubwa namna gani, virusi vya mafua havitajali.

Mara chache, ule ute uliotuama hushambuliwa na bakteria, na hapo usaha hutengenezwa. Kwa watu wazima, kati ya mafua 100 ni kama 2 tu, au hata pungufu, yanayogeuka kuwa maambukizo ya bakteria katika sinasi. Kwa watoto ni zaidi kidogo, lakini bado ni wachache. Bakteria wanaohusika mara nyingi ni wa aina tatu, na anayejulikana zaidi ni nyumokoko, ambaye pia huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Wazazi wengi huamini kwamba makamasi yakiwa ya njano au ya kijani, basi ni bakteria, na antibiotiki ni lazima. Sivyo. Rangi hiyo hutoka katika chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili wetu, wanaokwenda puani kupigana. Askari hao hupigana na virusi pia. Mafua ya kawaida huanza na makamasi mepesi kama maji, kisha baada ya siku chache huwa mazito na kubadilika rangi, halafu hurudi kuwa mepesi na kukauka. Rangi ya kijani inatuambia kwamba vita vipo. Haituambii adui ni nani.

KANUNI YA KALENDA

Ikiwa rangi haitoshi, tutajuaje? Tutajua kwa kuhesabu siku na kuangalia mwendo wa ugonjwa. Siku mafua yanapoanza, weka alama katika kalenda. Halafu angalia kama moja ya mambo haya matatu linatokea:

1. Ugonjwa haupungui. Siku 10 zimepita tangu mafua yaanze, na mgonjwa hana nafuu yoyote: pua imeziba, makamasi ni mazito, uso unauma, au mtoto anakohoa mchana na usiku.

2. Ugonjwa unaanza kwa ukali. Tangu mwanzo mgonjwa ana homa ya nyuzi 39 au zaidi, pamoja na makamasi ya usaha au maumivu makali ya uso, na hali hiyo inaendelea siku 3 au 4 mfululizo.

3. Ugonjwa unarudi. Mgonjwa alianza kupata nafuu, kisha baada ya siku 5 au 6 homa inarudi, kichwa kinauma upya, au makamasi yanaongezeka kuliko mwanzo.

Tutoe mfano. Tuseme katika nyumba moja watu watatu wameanza mafua Jumatatu tarehe 3. Jumapili tarehe 9, mtoto mdogo bado ana makamasi ya kijani, lakini homa imekwisha, anakula na anacheza. Huyu anapona, aachwe apone. Kaka yake Ijumaa tarehe 7 alikuwa mzima karibu kabisa, lakini Jumapili amerudiwa na homa na shavu moja linamuuma. Huyu apelekwe zahanati. Mama yao amevumilia mpaka Alhamisi tarehe 13, na hali yake ni ile ile ya siku ya tatu. Naye aende akaonwe. Nyumba moja, mafua yale yale, lakini kalenda imetupatia majibu tofauti.

Ukifika kwa tabibu, mweleze tarehe hizo. Zitamsaidia kuliko kumwambia tu, "Nina sinasi." Na usidai picha ya eksirei. Kwa ugonjwa usio na matatizo makubwa haisaidii sana, kwa sababu hata mafua ya kawaida huonyesha ukungu ndani ya sinasi.

SI KILA MAUMIVU YA USO NI SINASI

Kabla hatujasema ni sinasi, yafaa tukumbuke mambo mengine yanayofanana nayo.

Malaria. Katika sehemu zenye malaria, mtu yeyote mwenye homa na kuumwa kichwa apimwe damu siku hiyo hiyo. Usingoje siku 10 na homa isiyojulikana, hasa kwa mtoto na mama mjamzito.

Kipanda uso. Kuna maumivu ya kichwa yanayokuja na kuondoka, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Pua inaweza hata kutiririka kidogo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 3,000 walioamini kwamba vichwa vyao huuma kwa sababu ya sinasi. Watu 88 katika kila 100 walionekana kuwa na dalili za kipanda uso. Antibiotiki hazitibu kipanda uso.

Jino bovu. Mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sinasi za mashavu. Jino lililooza linaweza kupitisha usaha hadi huko. Ikiwa ni upande mmoja tu, makamasi yananuka, na jino la juu linauma, mwone pia daktari wa meno. Bila kutibu jino, ugonjwa utarudi.

Kitu puani. Mtoto mdogo anayetoa makamasi yenye harufu mbaya tundu moja tu la pua, huenda ameingiza haragwe, shanga au kipande cha sponji. Usijaribu kukichokoa kwa kijiti. Mpeleke kituo cha afya.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kusubiri hakumaanishi kukaa bure. Katika siku za mwanzo fanyeni haya:

• Mgonjwa anywe maji, uji na supu kwa wingi, na apumzike. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

• Kwa maumivu na homa, parasetamoli inatosha, kwa kipimo cha umri na uzito wake. Watoto na vijana walio chini ya miaka 16 wasipewe aspirini.

• Osha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, acha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, kisha koroga chumvi kijiko kimoja kidogo cha chai kisichojaa kilima. Inama juu ya beseni, ingiza maji hayo taratibu katika tundu moja la pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yatoke upande wa pili. Kwa mtoto mdogo, matone machache yanatosha. Usitumie maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa, na kila siku tengeneza maji mapya.

• Dawa za matone au za kupuliza zinazozibua pua zisitumiwe zaidi ya siku 5. Zikizidi, pua huzoea na huziba zaidi kuliko mwanzo. Watoto wadogo wasipewe bila ushauri wa tabibu.

Na kujifukiza je? Wengi wetu tumelelewa na shuka na sufuria la maji yanayochemka. Mvuke unaweza kumpa mtu mzima faraja kidogo, ingawa hauondoi ugonjwa. Lakini kwa watoto tunasema wazi: msiwafukize. Sufuria likipinduka, mtoto aliyekuwa na mafua tu atalazwa kwa majeraha ya moto.

ANTIBIOTIKI ZINASAIDIA KIASI GANI?

Kuna watakaouliza, "Kwa nini tusimeze tu kwa usalama?" Swali hili ni la haki, na lina jibu la hesabu.

Mwaka 2018 ilitolewa tathmini iliyokusanya majaribio 15 yaliyofanywa kwa watu wazima zaidi ya 3,000 waliokuwa na dalili za ugonjwa wa sinasi. Kati ya kila wagonjwa 100 ambao hawakupewa antibiotiki, 46 walikuwa wamepona baada ya wiki moja, na 64 baada ya wiki mbili. Walipopewa antibiotiki, walioongezeka kupona mapema walikuwa kati ya 5 na 11 tu katika kila 100. Kwa upande mwingine, waliopata madhara, hasa ya tumbo, waliongezeka kwa 13 katika kila 100.

Maana yake ni kwamba tukimpa kila mwenye pua iliyoziba antibiotiki, tutawaudhi matumbo watu wengi ili kuwasaidia wachache. Lakini tukiwachagua wale ambao kalenda imewaonyesha, dawa hiyo hiyo inakuwa na faida kubwa zaidi. Ndiyo maana hata baada ya siku 10 tabibu anaweza kumwambia mtu asiyeumwa sana asubiri siku chache nyingine akiangaliwa. Si kwamba amekataa kumtibu.

DAWA GANI, NA KWA SIKU NGAPI?

Dawa inayotumika kwanza ni amoksisilini, ya ukoo wa penisilini. Wakati mwingine huchanganywa na asidi ya klavulaniki. Sababu ni hii: baadhi ya bakteria wa sinasi hutengeneza kitu kinachoivunjavunja amoksisilini kabla haijafanya kazi. Asidi ya klavulaniki hukizuia kitu hicho, kama mlinzi anayempisha mwenzake apite. Dawa hii ya mchanganyiko huharisha zaidi, kwa hiyo imezwe mwanzoni mwa chakula.

Kwa mtu mzima, dozi ya siku 5 hadi 7 kwa kawaida inatosha. Watoto mara nyingine huandikiwa siku 10 au zaidi. Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake, kwa hiyo ni lazima apimwe kwenye mizani. Kijiko cha dada yake wa miaka minane si kipimo chake.

Mtu ambaye amewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele vya kuwasha mwili mzima au kushindwa kupumua baada ya penisilini au amoksisilini, amwambie tabibu kabla ya kuandikiwa. Zipo dawa nyingine, kama doksisaiklini kwa mtu mzima. Lakini doksisaiklini haifai kwa mama mjamzito, na kwa mtoto mdogo isitumiwe pasipo agizo la daktari.

Tunapenda pia kutaja dawa mbili ambazo hununuliwa sana kwa ugonjwa huu: azithromaisini na kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin. Nyumokoko wengi wamekwisha kuzizoea dawa hizi, kwa hiyo hazishauriwi kuwa chaguo la kwanza kwa sinasi. Hata hivyo, wale ambao kliniki imewapa kotrimoksazoli ya kumeza kila siku kwa sababu ya kuishi na virusi vya UKIMWI wasiiache hata kidogo. Hiyo ni kinga yao dhidi ya magonjwa mengine.

Wala tusidai sindano tukidhani ina nguvu zaidi. Kwa ugonjwa usio mkali, dawa ya kumeza inatosha.

JINSI YA KUMEZA DAWA

Bahasha ikiandikwa 1 x 3, maana yake ni kimoja kila baada ya saa 8, wala si vyote watu wanapokula. Kwa mfano: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ikiandikwa 1 x 2, meza saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Dawa ikikaa mwilini kwa kiasi kinachotosha, bakteria hawapati nafasi ya kuzaliana.

Dawa ya unga ya mtoto ichanganywe na maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye alama ya chupa, si juu wala chini. Itikise kila mara kabla ya kumpa, na pima kwa kipimo kilichokuja nayo. Ikishachanganywa haidumu. Soma karatasi yake ujue ikae wapi na imwagwe lini.

Meza kwa siku zote ulizoandikiwa, hata kama siku ya tatu umejisikia vizuri. Usibakize vidonge vinne kwenye kabati kwa ajili ya safari ijayo, wala usimgawie jirani. Na kama siku 3 zimepita tangu uanze dawa na hupati nafuu, au unazidiwa, rudi kwa tabibu. Huenda bakteria ni sugu kwa dawa hiyo, au huenda ugonjwa ni mwingine. Usijiongezee dozi mwenyewe.

Ukitokwa na vipele, ukivimba uso au kubanwa pumzi, acha dawa na uende hospitali mara moja. Kuharisha kidogo si ajabu, lakini kuharisha sana au kwa damu kunahitaji tabibu.

KWA NINI TUSINUNUE OVYO?

Alexander Fleming, mtu aliyegundua penisilini mwaka 1928, alizungumzia jambo hili mapema sana. Desemba 1945, alipohutubia Stockholm baada ya kupewa Tuzo ya Nobel, alitunga hadithi fupi ya kuwaonya watu. Mtu mmoja anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, haitoshi kuwaua bakteria bali inawafundisha kuivumilia. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, na dawa haifanyi kazi. Anakufa. Fleming aliuliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, naye akajibu kwamba ni mume kwa uzembe wake wa kutumia dawa.

Hadithi hiyo ilikuwa ya kutunga, lakini leo ni jambo la kweli. Kwa mwaka 2019 peke yake ilikadiriwa kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu kwa dawa.

Tuitazame nyumbani kwetu. Nyumokoko hukaa kimya puani mwa watoto wengi wazima. Kila antibiotiki isiyo ya lazima huwaua wale dhaifu na kuwaacha sugu peke yao. Watoto hulala kitanda kimoja, hunywa kikombe kimoja, hupigana chafya usoni. Bakteria sugu wa kaka huhamia kwa mdogo wake. Na amoksisilini, dawa hii hii ya sinasi, ndiyo dawa ya kwanza anayopewa mtoto mwenye nimonia anayetibiwa nyumbani. Kwa hiyo mtu mzima anayemeza kapsuli kwa mafua yasiyozihitaji anaweza kuwa anaiharibu dawa ambayo mtoto wake ataihitaji ili apumue.

Hapa Tanzania tunayo maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003. Yameleta dawa karibu na vijiji, na huo ni msaada mkubwa. Tuyatumie vizuri. Usiende dukani kuomba "kapsuli mbilimbili za rangi mbili." Muuzaji aliyesomea kazi yake akikuambia, "Hii haihitaji antibiotiki, kanunue parasetamoli," usimkasirikie wala usihamie duka la pili. Amekuokolea fedha na afya.

DALILI ZA HATARI: USIHESABU SIKU

Kanuni ya kalenda ina mipaka. Macho na ubongo viko jirani kabisa na sinasi, na kati yao kuna mfupa mwembamba. Bakteria wakivuka ukuta huo, saa chache zina maana kubwa. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona moja ya haya:

• Kope au sehemu inayozunguka jicho imevimba au kuwa nyekundu, jicho limetokeza nje, linauma likigeuzwa, au mgonjwa anaona vitu viwili viwili au haoni vizuri.
• Uvimbe juu ya paji la uso.
• Kichwa kinauma vikali pamoja na kutapika, au shingo imekakamaa.
• Mgonjwa analala mno, anachanganyikiwa au anapata degedege.
• Mtoto anapumua kwa shida, hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu.

Mtoto aliyeamka na jicho moja limevimba baada ya wiki ya mafua asipakwe dawa ya macho na kuachwa mpaka kesho. Akiwahi, antibiotiki za kupitia mshipani, na mara nyingine upasuaji, huokoa jicho na uhai wake. Hapo ndipo antibiotiki zinapoonyesha thamani yake, nasi tungependa kuzikuta zikiwa bado na nguvu.

Watu wenye kisukari na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua nao wasisubiri siku 10. Wamwone tabibu mapema.

KINGA

Nawa mikono kwa sabuni, na wafundishe watoto kukohoa kwenye kiwiko. Watoto wapate chanjo zote kwa wakati. Chanjo ya nyumokoko hutolewa Tanzania tangu mwaka 2013, na mtoto huanza kuipata akiwa na wiki 6. Punguza moshi nyumbani, kwani moshi wa kuni, mkaa na sigara huvilemaza vile vinyweleo vinavyosafisha sinasi. Pikia penye hewa, na akina baba wanaovuta wasivute ndani. Piga mswaki kila siku na tibu meno mapema.

TUKUMBUKE

Makamasi ya kijani peke yake si sababu ya antibiotiki. Weka alama siku mafua yanapoanza. Siku 10 bila nafuu, homa kali ya siku 3 au 4 mfululizo, au ugonjwa uliorudi baada ya nafuu: nenda kwa tabibu. Jicho lililovimba: nenda sasa hivi. Ukiandikiwa dawa, imeze kwa saa zake na siku zake zote.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Mara ya mwisho mtu wa nyumbani kwetu alipotumia antibiotiki, nani aliamua aitumie?
2. Je, katika kabati letu kuna vidonge vilivyobaki? Vya nani, na vya ugonjwa gani?
3. Tunawezaje kumsaidia jirani anayetaka kumpeleka mtoto hospitali usiku na hana nauli?
4. Nyumbani kwetu moshi wa jikoni unatokea wapi, na tunaweza kufanya nini mwezi huu kuupunguza?

Kateni ukurasa huu, mwubandike karibu na kalenda.